Mama Anawaza Nini?

Leo nataka kuzungumza na kila mtu aliyewahi kumwambia mama yake, mke wake, shangazi yake au mgonjwa wake maneno haya: "Mama, presha hiyo ni mawazo. Acha mawazo." Yanasemwa kwa nia njema, majumbani na kwenye zahanati zetu, kila siku ya Mungu. Nami naamini yanawaumiza akina mama, hasa wale ambao siku zao za mwezi zinakoma au zimeshakoma.

Chukueni mama mmoja wa mfano. Ana miaka 51, anatoka upande wa Muriba wilayani Tarime, kule juu kwenye migomba na kahawa. Amefika zahanati kwa miguu, jua limeshapanda, hajanywa hata uji. Anaitwa ndani, anafungwa mkanda wa mashine mkononi papo hapo, pumzi haijatulia. Mashine inasoma 168 kwa 102. Muuguzi yuko peke yake zamu ile na foleni imefika nje. Anamtazama, anamwuliza, "Mama, unawaza nini?" Kabla mama hajafungua kinywa, muuguzi anaendelea: "Acha mawazo, punguza chumvi, vidonge hivi kimoja kila siku, rudi mwezi ujao. Anayefuata!"

Swali lilikuwa zuri. Kilichokosekana ni kusubiri jibu.

Na jibu lilikuwepo. Mama huyu ana mwezi wa nane hajaona siku zake. Usiku anashtuka na joto linaloanzia kifuani, linapanda shingoni mpaka kichwani, khanga inalowa jasho, moyo unamwenda mbio. Likipita, baridi inamwingia na usingizi ndiyo umeshaondoka. Dada yake alianguka na kupooza upande mmoja kwa sababu ya presha, kwa hiyo kila joto linapompanda anajua leo ni leo. Kijana wake wa mwisho yuko Nyamongo anahangaika na magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodi wa dhahabu, na simu yake haipatikani tangu juzi. Mumewe analala nyumba ya mke mdogo. Tena anadaiwa mkopo, ile mikopo ambayo wenyewe tumeiita kausha damu, na siku ya marejesho inakuja haraka kuliko mavuno. Sasa ameambiwa kwamba kinachomuua ni mawazo yake mwenyewe. Anarudi nyumbani na wazo moja zaidi.

Tuanze na mwili, maana hapo ndipo hofu nyingi zinapozaliwa. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na daktari huhesabu kwamba imekoma pale inapopita miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Lakini mambo huanza kubadilika miaka kadhaa kabla. Homoni ya estrojeni, ambayo mifuko ya mayai ilikuwa ikiitoa tangu usichana, inapanda na kushuka ovyo, mwisho inapungua kabisa. Homoni hiyo ilikuwa na kazi nyingi, na mojawapo ni kusaidia mishipa ya damu itanuke kirahisi. Ikipungua, mishipa inakakamaa, kama mpira wa kumwagilia bustani ulioachwa juani misimu mingi, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana wanawake, ambao ujanani presha yao huwa chini kuliko ya wanaume wa rika lao, wakishavuka umri huu wanawafikia wanaume, na wengi wanawapita.

Estrojeni hiyohiyo ina mkono wake kwenye ubongo, kwenye usingizi na kwenye furaha. Kwa hiyo mama anayelia bila kujua kwa nini, anayekereka na kelele za wajukuu aliowapenda jana, anayeingia jikoni akasahau alichofuata, hajalogwa wala hajawa mkorofi uzeeni. Uchunguzi mkubwa wa Marekani ulioanza miaka ya 1990 na kufuatilia zaidi ya wanawake 3,000 kwa miaka mingi ulionyesha kwamba lile joto la ghafla lilidumu kwa wastani wa zaidi ya miaka saba. Kwa wanawake weusi wa kule lilifika miaka kumi. Miaka kumi ya kukatwa usingizi! Mtu yeyote, hata kijana wa miaka ishirini mwenye afya ya fahali, mkate usingizi muda huo uone atabaki na uchangamfu gani.

Sasa hapa ndipo mtego ulipo, na naomba mnisikilize vizuri. Joto, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma, jasho, wasiwasi: mama anaamini hizo ndizo dalili za presha kupanda. Mara nyingi sizo. Presha ya juu kwa kawaida haina dalili. Mtu anaweza kuwa na 180 akacheka, akalima, akacheza ngoma ya harusi. Na anaweza kuwa na 125 huku joto la kukoma hedhi linamchoma na moyo unadunda mpaka masikioni. Anayeipima presha kwa hisia atameza kidonge siku anayojisikia vibaya na kukiacha siku anayojisikia vizuri, na siku ile aliyojisikia vizuri ndiyo inayoweza kumletea kiharusi.

Mtego una tundu la pili. Dawa ya presha inayotolewa sana, amlodipini, ina maudhi yake: huweza kumfanya mtu ahisi uso unawaka, moyo unadunda, na miguu ivimbe kwenye vifundo. Mama ambaye tayari ana joto la kukoma hedhi akimeza kidonge hicho, joto likazidi na miguu ikavimba, atasema nini? Atasema dawa inamuua. Ataitupa, au ataificha chini ya godoro ili watoto wasimgombeze. Kliniki ataandikwa kwamba ni mgonjwa asiyefuata masharti. Angeulizwa tu "dawa inakufanyaje?", pengine angebadilishiwa, maana dawa za presha ziko za aina nyingi.

Sisemi hivi kwa kubahatisha ukubwa wa tatizo. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Dar es Salaam na wilayani Hai, na ukaonyesha kwamba karibu watu wazima watatu katika kila kumi walikuwa na presha ya juu, mjini na kijijini sawasawa, na waliojua kwamba wanayo hawakufika mmoja katika kila watano. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ukakuta kama mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 anayo. Kwa hiyo wale wanaosema presha ni ugonjwa wa matajiri wa mjini wapite Hai kwanza, wakaulize kijijini.

Je, mawazo yanapandisha presha? Ndiyo, kwa muda. Ukipata habari mbaya sasa hivi presha itapanda, kisha itashuka. Lakini huzuni inayokaa mwezi baada ya mwezi hufanya kazi yake kwa njia nyingine, ya kimyakimya. Inamwondolea mama usingizi. Inamwondolea hamu ya kutembea na kulima. Inamfanya asahau kidonge, au aseme moyoni, "Nikimeza nipone, nipone niende wapi?" Wengine inawapeleka kwenye pombe. Ukimwambia mtu wa namna hiyo aache mawazo, umemwambia mwenye homa aache joto. Ubaya mwingine ni kwamba umemhamishia kosa. Mume aliyehama nyumba hakuambiwa kitu. Mkopeshaji hakuambiwa kitu. Mama peke yake ndiye ametoka na agizo.

Kuna pengo jingine ambalo nadhani hatujaliangalia vya kutosha. Mwanamke wa Tanzania hupimwa presha wakati gani? Akiwa mjamzito. Anapewa kadi yake namba 4, kila hudhurio anapimwa presha, uzito, damu, na anaulizwa habari zake. Akijifungua mtoto wa mwisho, mlango ule unafungwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na hapo ndipo msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza unapoanza. Kati ya mtoto wa mwisho na miaka 60 kuna miaka kumi na tano, pengine ishirini, ambayo mama huyu hana kliniki inayomwita kwa jina lake. Ni miaka ileile hedhi inakoma, presha inapanda, mume anazeeka, watoto wanaondoka na wajukuu wanaletwa. Miaka mizito kuliko yote, na hana hata kadi.

Nihamie Mugumu na vijiji vya pembezoni mwa hifadhi, maana wasikilizaji wa Serengeti huwa wananiambia nazungumzia sana Tarime. Ninyi wa Robanda, wa Bonchugu, na wote mnaopakana na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti mnajua maana ya usiku wakati mahindi yanakomaa. Tembo wakitoka, kijiji kizima kinakesha. Wanaume na vijana wako shambani na tochi na madebe. Mama yuko nyumbani na wajukuu, masikio yako nje, anasikiliza kelele ziko upande gani. Alfajiri anakwenda kuona kilichobaki. Sasa mwekee mama huyo jasho la usiku linalomwamsha hata siku tembo hawajaja. Mwekee na ushauri wa "lala vya kutosha". Atalala saa ngapi? Anayemshauri kuhusu presha bila kujua habari ya tembo ameshauri mtu mwingine kabisa.

Na sisi Wakurya tuna jambo letu ambalo linamgusa mama wa umri huu kuliko mtu yeyote. Mwanamke aliyefika mwisho wa uzazi bila mtoto wa kiume, au mjane ambaye watoto wake wamekufa, alikuwa na njia aliyofunguliwa na mila: nyumba ntobhu, yaani kuoa mwanamke mwenzake mdogo, atoe mahari, watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Wengi wa nje wakisikia hushangaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiitambui ndoa hiyo, na yapo madhara yake, hasa pale binti mdogo anapoozwa bila hiari yake. Hilo sitalitetea hata kidogo. Lakini angalieni kilichomsukuma yule mama. Siku hedhi inapokoma, kwa mwanamke asiye na mtoto wa kiume, kinachofungwa si tumbo peke yake. Anaona nyumba yake inakufa, shamba linachukuliwa na shemeji, na uzeeni hana wa kumwinjikia chungu. Hofu hiyo ni ya kweli na ina miguu. Anaibeba mpaka kwenye chumba cha muuguzi, na pale inaitwa mawazo.

La chumbani nalo niliseme, watoto kama wako karibu mtaona wenyewe. Estrojeni ikipungua, uke unakuwa mkavu na tendo la ndoa linauma. Katika mkoa huu wa Mara, ambako takwimu za taifa za mwaka 2015 na 2016 zilionyesha wanawake 32 katika kila 100 wamekeketwa, wako akina mama walioingia umri huu wakiwa na makovu ya zamani pia. Mama anakwepa kitanda kwa sababu anaumia. Baba anatafsiri kwamba amekataliwa, au kwamba kuna mwingine. Hakuna anayesema. Baba zangu na kaka zangu, kila mmoja amwulize mkewe kama anaumia. Vipo vilainisho, zipo dawa, na daktari wa hospitali ataangalia lipi linamfaa kulingana na presha yake, kwa sababu si kila dawa ya homoni inamfaa mwenye presha isiyotulia. Lakini hatafika kwa daktari kama nyumbani ameshahukumiwa.

Mtaniuliza, wauguzi wachache, foleni ndefu, nani atakaa amsikilize mama mmoja nusu saa? Nina jibu kutoka Zimbabwe. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare jijini Harare, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda alikuwa na shida hiyohiyo: wagonjwa wengi, hana wauguzi, hana hata chumba. Akawafundisha mabibi wa mtaani, wanawake watu wazima waliokuwa tayari wahudumu wa afya wa kujitolea. Wakawekewa benchi nje ya kliniki, chini ya mti. Mtu anakaa na bibi, bibi anamwomba aeleze shida zake zote, kisha wanachagua moja, moja tu, na kutafuta hatua inayowezekana wiki hiyo. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliowahusisha watu 573: waliokaa na mabibi wale walikuwa na nafuu kubwa ya sonona na wasiwasi baada ya miezi sita, kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika hata Zanzibar.

Kinachonivutia ni ile habari ya kuchagua shida moja. Mama yetu wa Muriba ana tano. Akipata mtu wa kukaa naye, huenda wataanza na mkopo: nani wa kwenda naye kwa mkopeshaji, apangiwe upya marejesho, na kikundi kimsaidie vipi. Joto la usiku halitaondoka, mke mdogo hataondoka, lakini deni limepata mpango na usiku mmoja umepungua uzito.

Na watu wa kukaa naye tunao. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kupata wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 nchi nzima kwa miaka mitano. Ombi langu kwa halmashauri zetu ni kwamba watakapopita nyumba kwa nyumba wasiishie kwa wajawazito na watoto chini ya miaka mitano. Mama wa miaka 50 apimwe presha, aulizwe usingizi wake, aulizwe siku zake zikoje. Na vikoba vyetu je? Kila wiki wanawake wanakaa pamoja saa nzima kuhesabu hisa. Mashine moja ya presha ya mkononi, ikinunuliwa na kikundi na mmoja wao akafundishwa na muuguzi, itafanya kazi hapo miaka. Mpimwaji akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, asiongee, awe ameshakwenda haja ndogo. Apimwe mara mbili. Akipata 140 kwa 90 au zaidi siku mbili tofauti, aende kituoni. Pengine mama yetu wa Muriba angepumzishwa hivyo asingesoma 168, ingawa huenda bado angehitaji dawa.

Jambo moja la jikoni na moja la dukani, kisha niwaache. Tunahubiriwa chumvi, na ni kweli: Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, kwa vyakula vyote. Lakini hatuambiwi magadi. Magadi tunayotia kwenye maharage na mboga za majani yaive haraka yana sodiamu ileile inayopatikana kwenye chumvi. Mama anaacha kabisa chumvi mezani, anajinyima ladha, huku sufuria imejaa magadi. La dukani ni vidonge vya maumivu. Kukoma hedhi kunakuja na viungo kuuma, na mama wa jembe anaumwa zaidi. Anakwenda duka la dawa ananunua diklofenaki au ibuprofeni, anameza wiki, miezi. Dawa hizo zinapandisha presha, na zinaweza kuzipunguzia nguvu baadhi ya dawa za presha anazomeza. Mwambie muuzaji una presha kabla hajakufungia vidonge.

Na ninyi wa nyumbani, mkiona uso wa mama umepinda upande mmoja, mkono au mguu umekosa nguvu ghafla, ulimi umekuwa mzito, kifua kinabana, au kichwa kinauma kuliko alivyowahi kuumwa, msimpe vidonge viwili kwa mpigo ili presha ishuke haraka, wala msimnyweshe kitu. Tafuteni gari au bodaboda yenye mtu wa kumshika nyuma, mpelekeni hospitali, Tarime au Mugumu, popote palipo karibu. Andikeni saa dalili zilipoanza. Dawa zake zote tieni kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za maumivu na za kienyeji, hata zile za chini ya godoro, daktari azione.